Kinga ya malale, gharama ya figo

Ukitoka Mpanda kwa barabara ya Sumbawanga, ukishaipita Sitalike unaingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na hapo abiria wazoefu hupandisha vioo hata kama jua linachoma. Hawaogopi simba. Wanamwogopa ndorobo, mbung'o wa vitabuni, anayelifukuza gari kana kwamba ni nyati, na akishapenya ndani huchagua shingo au mgongo, shati lisimzuie. Ng'ambo ya hifadhi ndiko Kibaoni, nyumbani kwa Waziri Mkuu mstaafu Mizengo Pinda, na ukiiacha barabara kuu unashika njia ya Usevya, Majimoto na mashamba ya mpunga ya bonde la Rukwa. Mkoa wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012, hifadhi ilitangazwa mwaka 1974. Ndorobo alikuwapo kabla ya vyote viwili, na alama aliyomwachia binadamu wa Afrika sasa inachunguzwa katika maabara za Marekani, ndani ya seli moja moja za figo.

Safari ya kutoka kwa nzi hadi kwenye figo ina kona nyingi, msomaji anivumilie.

Ndorobo hubeba vimelea viitwavyo tripanosoma. Vipo vya namna nyingi, na vingi kati yake haviwezi kumdhuru mtu. Mfugaji wa Kisukuma aliyeshusha mifugo yake Mpimbwe, kwenye bonde hilo la Rukwa, anajua jinsi ng'ombe anavyokonda kwa nagana huku mchungaji aliyeumwa na nzi walewale anaendelea na kazi zake. Mwaka 1902 daktari Mfaransa Alphonse Laveran, yuleyule aliyegundua kimelea cha malaria, alionyesha kwamba majimaji ya damu ya binadamu yanaua tripanosoma. Kilichokuwa kinaua hakikujulikana kwa karne nzima. Ni mwaka 2003 ndipo timu ya Etienne Pays, wa chuo kikuu kimoja cha Brussels, ilipoonyesha kuwa muuaji ni protini inayoitwa APOL1. Kimelea huimeza akidhani ni chakula, nayo ikishafika tumboni mwake hutoboa utando na kumpasua kwa ndani.

Ushahidi mwingine ulitoka mahali pasipotarajiwa. Mkulima mmoja wa India alipatikana na tripanosoma ya wanyama, aina ambayo kwa kawaida haimpati mtu. Alipopimwa, ikabainika kwamba nakala zake zote mbili za jeni ya APOL1 zilikuwa na hitilafu, hivyo hakuwa na protini hiyo hata chembe. Habari zake zilichapishwa mwaka 2006. Mkumbuke mkulima huyo, tutamhitaji tena.

Wanyama wachache sana wana APOL1. Binadamu anayo, gorila anayo, na nyani wanaokaa kando ya barabara pale Sitalike wakisubiri maganda ya ndizi wanayo, tena yao ni kali kuliko yetu. Sokwe wa milima ya Mahale, majirani zetu na ndugu zetu wa karibu kuliko wanyama wote, hawana. Panya naye hana, jambo ambalo limewasumbua sana wanasayansi, kama tutakavyoona.

Kimelea hakukubali kushindwa. Katika Afrika ya Mashariki na Kusini ilizuka jamii ya tripanosoma iliyotambuliwa mwaka 1910 kwa mgonjwa aliyetoka bonde la Luangwa, Zambia ya leo, ikapewa jina la rhodesiense. Jamii hii ina protini yake inayoinasa APOL1 na kuilemaza kabla haijafanya kazi. Hiyo ndiyo malale ya kwetu, inayoua kwa miezi badala ya miaka. Mpanda, Urambo, Kasulu na Kibondo ni majina yanayojirudia katika kumbukumbu za ugonjwa huu nchini. Miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni, kwa maelekezo ya daktari George Maclean na wenzake, ilihamisha watu wa Tanganyika ya magharibi kutoka vijiji vilivyotawanyika porini ikawakusanya kwenye makazi makubwa yaliyofyekwa. Pori walilolihama likameza mashamba yao, na sehemu ya ukubwa wa hifadhi na mapori ya akiba tunayojivunia leo ina mizizi katika uhamisho ule. 

Mwili wa binadamu ulikuwa umemjibu kimelea zamani sana kabla ya hapo. Katika miaka isiyozidi 10,000 hivi iliyopita, yalitokea Afrika matoleo mawili mapya ya jeni ya APOL1. Wanasayansi, ambao hawana mikogo ya majina, waliyaita G1 na G2. Yamebadilika kiasi kidogo tu, lakini mabadiliko hayo yapo pale pale ambapo protini ya rhodesiense huishika APOL1. G2 hasa humponyoka kimelea na kuendelea kumuua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, ukitumia sampuli za wagonjwa wa Uganda na Guinea, ulionyesha kwamba watu wenye G2 nchini Uganda walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kupata malale ya rhodesiense. G1 kazi yake ilionekana Guinea, kwa malale ya Afrika Magharibi: haikuzuia maambukizi, ila aliyeambukizwa alielekea kubaki bila dalili.

Kufikia hapa ni hadithi tuliyokwisha kuisikia kuhusu selimundu na malaria. Nakala moja inakinga, mbili zinatesa. Tofauti ni kwamba selimundu hujionyesha utotoni, mzazi akaijua. Bei ya G1 na G2 hulipwa kimya kimya, mara nyingi mtu akiwa katika umri wa kufanya kazi na kulea, na hulipwa kwenye figo.

Jambo hilo lilijulikana mwaka 2010. Kwa miongo mingi madaktari wa Marekani walikuwa wakiona Wamarekani weusi wakifikia hatua ya figo kushindwa kabisa mara tatu hadi nne zaidi ya weupe. Maelezo yalikuwa presha, umaskini, ugumu wa kupata matibabu. Yote hayo ni kweli, lakini hayakutosha kueleza tofauti yote. Mwaka 2008 watafiti walibaini eneo la kromosomu ya 22 linalohusika, wakaishutumu jeni inayoitwa MYH9. Miaka miwili baadaye timu ya Boston iliyowajumuisha Giulio Genovese, David Friedman na Martin Pollak, na nyingine iliyofanya kazi Haifa, zilionyesha kwamba MYH9 ilikuwa jirani tu aliyekamatwa kwa sababu ya kuishi karibu na mhalifu. Mhalifu alikuwa APOL1. Takriban asilimia 13 ya Wamarekani weusi wana nakala mbili za matoleo hayo. Wengi wao hawaugui kamwe. Lazima kitokee kitu cha pili cha kuichochea jeni, na mchochezi aliyejulikana vizuri zaidi ni virusi vya UKIMWI. Afrika Kusini, utafiti wa mwaka 2015 ulikuta kwamba mwenye VVU na nakala mbili alikuwa na uwezekano mara 89 zaidi wa kupata ugonjwa wa figo unaotokana na VVU. Katika magonjwa ya kawaida ya watu wazima ni nadra sana kuona namba kama hiyo.

Sasa likabaki swali ambalo hadubini ya kawaida haikuweza kulijibu. Figo ina aina nyingi za seli. Ni seli ipi inayoumizwa?

Tuangalie kwanza figo yenyewe. Kila moja ina nefroni zipatazo milioni moja, vifaa vidogo vya kuchuja damu. Kwa siku nzima, figo mbili za mtu mzima huchuja lita 180 hivi za maji kutoka kwenye damu, kisha hurudisha karibu yote na kuacha lita moja au mbili ziende kibofuni. Mwanzoni mwa kila nefroni kuna kifundo cha mishipa midogo ya damu, na kifundo hicho kimekumbatiwa na seli zenye vidole virefu vilivyopishana, ziitwazo podosaiti. Maji na chumvi hupita kati ya vidole hivyo, protini hubaki damuni. Podosaiti ikifa, hakuna nyingine inayozaliwa kirahisi kuziba nafasi yake. Baada ya kifundo hufuata mirija: ya mwanzo inayorudisha sukari na chumvi, ya kati, na ya mwisho inayopanga mkojo uwe mzito au mwepesi na damu iwe na asidi kiasi gani. Katikati ya hayo yote kuna mishipa, seli za kinga, na zile zinazotengeneza makovu.

Zamani mtafiti alipotaka kujua jeni gani zinafanya kazi kwenye figo alichukua kipande, akakisaga chote, akapima. Ni sawa na kupewa unga wa uji wa lishe uliosagwa mahindi, ulezi, karanga na soya pamoja, ukaambiwa useme ni punje ipi iliyokuwa na ukungu. Utajua unga una ukungu. Zaidi ya hapo unakisia.

Mwaka 2015 timu mbili za Harvard zilitangaza njia za kuondoka kwenye kukisia. Kipande cha kiungo hulainishwa kwa vimeng'enya mpaka seli ziachiane. Kisha seli hupitishwa kwenye mfereji mwembamba sana, kila moja ikafungiwa peke yake ndani ya tone la maji lililozungukwa na mafuta. Ndani ya tone kuna punje yenye msimbo wake, usiofanana na wa tone lingine. Seli inapopasuka, ujumbe wa RNA uliokuwa ndani yake, yaani orodha ya jeni zilizokuwa zikifanya kazi saa ile, hubandikwa msimbo huo. Baadaye unaweza kuchanganya kila kitu na kukisoma kwa mashine moja, kwa sababu kila ujumbe unajua ulikotoka. Kompyuta hupanga seli zinazofanana pamoja, na ramani ya kiungo hujichora. Mwaka uliofuata, Aviv Regev na Sarah Teichmann wakaanzisha mradi wa kimataifa wa kuchora ramani ya seli zote za binadamu.

Kwenye figo, jina linalotajwa mbele ni la Katalin Susztak. Ni daktari aliyesomea Chuo Kikuu cha Semmelweis, Budapest, na sasa ni profesa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Philadelphia. Mwaka 2018 yeye na wenzake walichapisha katika jarida la Science ramani ya seli 57,979 za figo za panya. Wengi walisifu wingi wa seli. Mimi nilichokipenda ni swali waliloliuliza ramani hiyo. Walichukua jeni ambazo zikiharibika humletea mtu ugonjwa wa figo wa kurithi, wakaangalia kila moja inafanya kazi kwenye seli ipi. Wakakuta kwamba dalili inayofanana hutoka kwenye seli ileile. Jeni zinazosababisha protini kuvuja kwenye mkojo zilikuwa kwenye podosaiti. Zinazosababisha damu kujaa asidi zilikuwa kwenye aina moja ya seli za mirija ya mwisho. Madaktari wamezoea kuyapanga magonjwa ya figo kwa jinsi makovu yanavyoonekana kwenye hadubini. Ramani hii inasema yapangwe kwa seli inayougua. Waliona pia seli ambazo hazikuwa zikijulikana, zilizo njiani kugeuka kutoka aina moja ya seli za mirija ya mwisho kwenda nyingine. Kabla ya hapo wengi waliamini kwamba seli ya figo ikishapewa kazi yake haiibadilishi.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, timu hiyohiyo ilikuwa imeigusa APOL1. Kwa kuwa panya hana jeni hiyo, waliwatengeneza panya wenye APOL1 ya binadamu, wakaipangia ifanye kazi kwenye aina moja ya seli tu. Ilipowekwa kwenye seli za mirija, panya hawakudhurika. G1 au G2 zilipowashwa kwenye podosaiti, protini ilianza kuvuja, vidole vya seli vikajikunja, makovu yakaanza, sura ileile inayoonekana kwa wagonjwa. Toleo la kawaida halikufanya hivyo. Kisha likaja jambo la kutia moyo: jeni ilipozimwa mapema, ugonjwa ulielekea kurudi nyuma.

Hospitali za upandikizaji zilikuwa na ushahidi unaoelekea hukohuko. APOL1 inayozunguka kwenye damu hutengenezwa na ini. Kama hiyo ndiyo ingekuwa inaharibu figo, mgonjwa mwenye nakala mbili akipewa figo safi angeiharibu nayo pia. Haiwi hivyo. Figo iliyotoka kwa mtu mwenye nakala mbili ndiyo huchakaa mapema, hata ikiwekwa kwa mtu asiye na nakala hata moja. Uharibifu husafiri na figo. Kwa hiyo APOL1 inayoua ni ile inayotengenezwa na seli za figo zenyewe, wakati ile ya damuni inaendelea na kazi yake ya kuwinda vimelea bila kumdhuru mwenyeji.

Hapo ndipo mkulima wa India anaporudi. Hakuwa na APOL1 kabisa na figo zake zilikuwa nzima. Maana yake figo haiihitaji protini hii, na dawa ya kuifunga haitaiacha figo ikipungukiwa. Dawa ya kwanza ya namna hiyo, inaxaplin ya kampuni ya Vertex, iliripotiwa mwaka 2023 katika jarida la New England. Kati ya wagonjwa 13 walioinywa kama walivyoelekezwa, kiwango cha protini kwenye mkojo kilishuka kwa wastani wa asilimia 47.6 baada ya wiki 13. Ni kundi dogo, na halikuwa na wa kulinganishwa nao, ndiyo maana majaribio makubwa yalifuata. Lakini kuna swali ambalo mtu wa Philadelphia hana haja ya kuliuliza na mtu wa Usevya anayo: ukiifunga APOL1 ya mtu anayeishi kando ya pori la ndorobo, umemwondolea kinga gani? Mhindi yule alikuwa na figo nzima, lakini akapata tripanosoma.

Maswali ya namna hii hayatokei kwenye ramani iliyochorwa kwa seli za watu wa nchi nyingine. Maktaba kubwa za seli za figo zilizopo leo zimejazwa hasa na figo za Wamarekani na Wazungu. Sisemi hilo kwa kulalamika. Nalisema kwa sababu kila mara mtu alipochukua kanuni ya huko akaja kuipima hapa, kanuni ilibadilika.

Chukua kanuni ya nakala mbili. Kwa zaidi ya miaka kumi ilifundishwa kwamba mwenye nakala moja ya G1 au G2 yuko salama. Kanuni hiyo ilitoka kwa Wamarekani weusi. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti uliowapima watu zaidi ya 8,000 nchini Ghana na Nigeria. Karibu asilimia 30 yao walikuwa na nakala mbili, kiwango kisichoonekana Marekani. Na wenye nakala moja hawakuwa salama kabisa: uwezekano wao wa ugonjwa sugu wa figo uliongezeka kwa asilimia 18 hivi. Ni ongezeko dogo kwa mtu mmoja, lakini wenye nakala moja walikuwa zaidi ya asilimia 40 ya waliopimwa. Kwa upande mwingine, Ethiopia, utafiti wa mwaka 2011 haukukuta matoleo hayo kabisa, na Waethiopia wenye VVU hawakuwa na ugonjwa ule wa figo. Kati ya Lagos na Addis Ababa kuna bara zima, sisi tumo katikati, na kumwita mtu Mwafrika hakumwambii daktari lolote kuhusu jeni hii. Kuna fumbo pia: rhodesiense anaishi Mashariki, lakini G1 na G2 zimejaa zaidi Magharibi. Atakayelifumbua atalazimika kupita kwenye mapori ya ndorobo ya ukanda wetu.

Chukua kipimo cha kreatinini, kinachotumika karibu kila hospitali kukadiria figo zinachuja kiasi gani. Kreatinini hutoka kwenye misuli. Figo zikilegea, hujaa damuni. Lakini mtu mwenye misuli kidogo, aliyelala njaa msimu wa masika akisubiri mpunga uive, ana kreatinini ndogo tangu mwanzo, na hata figo zikilegea namba yake inaweza kusomeka kuwa ni ya mtu mzima wa afya. Utafiti uliofanyika Uganda, Malawi na Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2022 ulipima uchujaji halisi wa figo, ukalinganisha na kanuni za kukadiria kwa kreatinini. Kanuni zilizidisha afya ya figo za watu. Wagonjwa walikuwa wengi kuliko ilivyodhaniwa.

Kwa jicho hilo naomba tuisome namba yetu ya Tanzania. Watafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, na Chuo Kikuu cha Duke, wakiongozwa na John Stanifer, walipima watu wazima 481 mkoani Kilimanjaro na kuchapisha matokeo mwaka 2015. Asilimia 7 walikuwa na ugonjwa sugu wa figo. Mjini ilikuwa asilimia 15.2, vijijini asilimia 2. Wengi wameinukuu namba hiyo kama faraja kwa vijijini. Mimi naisoma kwa tahadhari. Mjini kuna presha na kisukari zaidi, hilo halina ubishi. Lakini mtu wa kijijini ndiye yule mwembamba ambaye kreatinini humficha, na Kilimanjaro si bonde la Rukwa.

Mtu asije akaiacha makala hii akiamini kwamba figo huharibiwa na jeni tu. Presha isiyotibiwa na sukari ndizo zinazoongoza. Kichocho, ambacho watoto wa mashamba ya mpunga hukipata wakiingia majini, huacha makovu kwenye kibofu na mirija ya mkojo mpaka mkojo ukarudi nyuma kwenye figo. Dawa za maumivu kama diklofenaki, zinazouzwa dukani pamoja na sabuni na kumezwa kila baada ya siku ya kulima, hupunguza damu inayofika kwenye figo, hasa mwili ukiwa umekauka kwa jua. Kuna mizizi ya kienyeji ambayo ni sumu ya figo, na iko ambayo siyo, na mgonjwa hana namna ya kuzitofautisha. Jeni huja juu ya hayo yote.

Vituo vya afya vya Mpimbwe haviwezi kusoma seli moja moja, na haitarajiwi viweze. Vinachoweza ni stripu ya mkojo, kile kikaratasi kinachobadilika rangi protini ikiwapo. Ukishajua habari ya podosaiti, stripu hiyo hupata uzito mwingine: protini kwenye mkojo mara nyingi ni podosaiti zinazoumia zikitoa taarifa, pengine miaka kadhaa kabla ya kreatinini kupanda, na haimdanganyi mtu mwembamba. Mgonjwa wa presha, wa sukari au wa VVU anayehudhuria kliniki ana haki ya kuuliza mara ya mwisho mkojo wake ulipimwa lini.

Hata sayansi ya seli imeanza kusogea upande wetu kwa njia ambayo haikupangwa. Njia ya kwanza ilitaka seli hai, zifike maabara zikiwa bado mbichi, kitu ambacho kwa Mpanda hakiwezekani. Benjamin Humphreys na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, walionyesha kwamba kiini cha seli peke yake kinatosha, na kiini hutolewa hata kwenye nyama iliyogandishwa. Kipande chembamba cha figo kilichochotwa kwa sindano hospitali ya rufaa kinaweza kugandishwa, kikakaa, kikasafiri, kikasomwa miezi baadaye. Palipobaki pagumu ni kwingine: kuwa na daktari wa kuchota kipande hicho salama, na mtaalamu wa kukisoma kwa hadubini. Tanzania ina wataalamu wachache sana wa figo, na wamejikusanya kwenye miji mikubwa.

Umbali ndio unaoua kwanza. Figo zikishindwa, mashine ya kusafisha damu hutakiwa mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, kwa maisha yote. Mtu wa Usevya anayeambiwa hivyo anakuwa ameambiwa ahamie mjini. Asiye na bima anatakiwa kuwa na laki kadhaa kila wiki, na kuna familia zilizouza ng'ombe, zikauza mpunga, zikauza shamba, ndani ya msimu mmoja.

Njia nyingine ni kupandikiza. Hospitali ya Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, kwa msaada wa madaktari kutoka India, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Hapo awali Watanzania walikuwa wakisafirishwa kwenda India. Ni hatua kubwa, na kwa kuwa figo zinazopandikizwa nchini hutolewa na ndugu walio hai, hapa ndipo utafiti wa seli unapogusa familia moja kwa moja kuliko mahali pengine popote. Ikiwa figo za mgonjwa ziliharibiwa na nakala mbili za G1 au G2, ndugu yake wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa na jozi ileile. Damu zao zinaweza kulingana vizuri kabisa. Vipimo vyote vya mtoaji vinaweza kutoka safi, kwa sababu ana miaka 25 na mchochezi wa pili hajamfikia. Akitoa, figo aliyoitoa huenda isidumu, na aliyobaki nayo italazimika kubeba kazi ya mbili. Tafiti za Marekani kwa watoaji weusi zimeonyesha kuwa wenye nakala mbili figo zao hupungua nguvu haraka zaidi baada ya kutoa, na huko utafiti mkubwa uitwao APOLLO ulianzishwa kufuatilia watoaji na wapokeaji ili kujua hatari hiyo ni kubwa kiasi gani.

Ndugu wa Usevya anayepanda basi kwenda Dodoma au Dar es Salaam kumtolea kaka yake figo anapaswa kuwa na swali moja mfukoni, amuulize daktari kabla ya kutia saini: je, nami nina nakala mbili? Kipimo cha jeni hii hufanywa mara moja tu maishani, kwa damu kidogo au mate.